Karafuu Si Msumari

Ngome Kongwe pale Forodhani, Unguja, wazee wa mjini walikuwa wakiiita Gereza. Ukilisikia jina hilo leo unafikiria minyororo na vyumba vya giza, na hukosei, maana katika karne ya 19 wafungwa walikuwa wakiwekwa humo. Lakini neno lenyewe halikuja kwetu na jela. Lilikuja na Wareno, na kwa Kireno igreja ni kanisa.

Vasco da Gama alipita Unguja mwaka 1499 akirudi kutoka India. Kwa karibu miaka 200 iliyofuata Wareno waliishika pwani hii kwa ngome zao, na palipokuwa na ngome hapakukosa pahala pa kusalia. Forodhani walikuwa na kanisa lao dogo. Mwaka 1698 Waomani waliiteka Ngome ya Yesu kule Mombasa, nguvu za Wareno upande huu zikaanguka, na Waomani wakajenga ngome yao Unguja kwenye kiwanja kile kile. Mabaki ya kanisa yamo hadi leo ndani ya kuta zake. Dini ilibadilika, bendera ikabadilika (na bendera nalo ni neno la Kireno), lakini watu waliendelea kusema gereza: kanisa, kisha ngome, kisha kifungo.

Nimelifikiria sana neno hili, na kila nikilirudia naona jambo moja. Aliyeipa igreja maana ya gereza hakuwa ndani akisali. Alikuwa nje ya ukuta. Kwa mtu aliye nje, kanisa lililozungushiwa ngome na ngome yenyewe ni kitu kimoja, mawe na mlango wenye askari. Neno lilibeba sauti ya Mreno, lakini macho yalikuwa ya Mswahili aliyesimama barazani kwake akitizama upande ule. Tangu hapo kila nikikutana na neno la kawaida najiuliza swali hilo hilo: aliyekipa kitu hiki jina alikuwa amesimama wapi?

Ukilifuata gereza nyuma zaidi unafika kwa Wagiriki, ambao kwao ekklesia ni mkutano wa raia walioitwa wakusanyike. Neno kanisa nalo tumelipata kwa Waarabu, na Waarabu walilipata kwa watu wa Kiaramu, na mzizi wake pia ni kukusanya. Kwa hivyo kanisa na gereza, maneno tunayoyaona mbalimbali kabisa, kila moja lilianza kama jina la mkusanyiko wa watu. Moja likapita Uarabuni, jingine Ulaya, yakaja kukutana Unguja hayajuani.

Zanzibar hadithi hii ina kipande ambacho ndugu zetu wa bara hawanacho. Kwao wafungwa wako chini ya Jeshi la Magereza. Kwetu idara hiyo inaitwa Chuo cha Mafunzo. Na chuo ni neno lenye ukoo mkubwa visiwani. Mtoto wetu hupelekwa chuoni kwa maalimu akajifunze Kurani, mara nyingi kabla hajajua skuli ni kitu gani. Zamani chuo kilikuwa kitabu chenyewe, na ndiyo maana tunamwita mtu wa elimu mwanachuoni. Kisha likaja kitabu kutoka Kiarabu, limeshavaa ki- kama lililozaliwa hapa, na watu wa pwani hawakusita: kitabu, vitabu. Mwarabu hasemi hivyo, kwake wingi ni kutub. Chuo likaachia kazi ya kitabu likabaki na mahala pa kusomea, likapanda hadi chuo kikuu, na serikali ikalitia kwenye idara ya wafungwa. Leo mzee akisema mwanawe yuko chuo, inabidi umsikilize hadi mwisho wa maneno yake.

Wapo wanaotaka tuyapime maneno yetu kwa Kiarabu, kana kwamba maana ya kweli imebaki kule na sisi tuna kivuli chake. Sikubaliani nao hata kidogo. Karibu kwa Kiarabu ni kitu kilicho jirani, kisicho mbali. Aliyeligeuza likawa neno la kumpokea mgeni mlangoni alifanya kazi kubwa ya akili, na kazi hiyo ilifanywa hapa pwani, na mtu aliyekaa ndani ya nyumba na kumuona mwenziwe amesimama nje. Rahisi nalo kwa Kiarabu ni bei ndogo. Sisi tukaongeza kwamba jambo lisilo gharama halina taabu pia, basi mtihani nao ukaweza kuwa rahisi. Hayo yote ni mali yetu.

Chukua mahindi. Zao hili liliteuliwa na kukuzwa na wakulima wa Mexico maelfu ya miaka iliyopita, lakini jina letu linasema ni kitu cha Kihindi, kwa kuwa kwa mtu wa pwani hii vitu vingi vya kigeni vilikuja na pepo kutoka upande wa India. Waitaliano huyaita granturco, nafaka ya Waturuki. Waturuki wenyewe wanasema mısır, na hilo ndilo jina lao la nchi ya Misri. Kila mmoja alimuonesha kidole jirani aliyemdhania kuwa ndiye mwenyewe, na mkulima wa Mexico hakutajwa na hata mmoja wao.

Mbatata ndilo neno ninalolipenda zaidi sokoni Darajani. Bara wanasema viazi mviringo, au viazi tu. Sisi tunasema mbatata, na bila mbatata urojo haujawa urojo. Wareno walisema batata, nao walilipokea neno ambalo asili yake ni Wataino, watu wa visiwa vya Karibi, na kwa Wataino lilikuwa jina la kile tunachokiita kiazi kitamu. Njiani likahama kutoka kiazi kimoja kwenda kingine. Linanifurahisha kwa sababu ni neno la watu wa visiwa lililopita mabara mawili likatua kwa watu wa visiwa wengine. Ndimu na limau pia ni ndugu walioingia kwa milango miwili. Jina limezaliwa Mashariki, tawi moja likatufikia moja kwa moja kwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na jingine likazunguka Ulaya kwanza, kwa Mreno na limão yake. Tulipoyapata yote mawili hatukulitupa hata moja. Tukayagawia matunda mawili.

Hapa nina jambo linaloniuma. Nimewahi kuona daftari la mtoto, hapa hapa Unguja, limetiwa wino mwekundu kwenye neno tungule. Pembeni mwalimu ameandika nyanya. Mtoto yule alikuwa ameandika neno analolisikia jikoni kwao na kila genge la mtaani, na neno hilo limo kwenye kamusi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kusimamia kazi hiyo ikaanza mwaka 1930. Halafu mtoto wa Unguja anaambiwa neno la Unguja ni kosa! Nyanya ni neno zuri, sina ugomvi nalo. Lakini mwalimu angeweza kumwambia kwamba kitu hicho kina majina mawili, na mtoto angetoka darasani na utajiri badala ya aibu.

Skuli na shule ni mfano huo huo, na historia yake iko wazi. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani waliwekeana mkataba. Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, na bara la Tanganyika likabaki kwa Ujerumani. Basi sisi tukapata skuli kwa Mwingereza, wao wakapata shule kwa Mjerumani, ambaye kwake ni Schule. Tumeungana mwaka 1964 na tofauti ile ipo bado, kwenye vibao vya barabarani na kwenye barua za serikali. Na yote mawili, ukiyarudisha nyuma kupitia Kilatini, yanafika kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya faragha, wakati ambao mtu hana kazi ya kumlazimu na anaweza kukaa akafikiri. Aliyeipa elimu jina hilo hakuwa mtoto mwenye mtihani wiki ijayo.

Pesa nazo zimezungumza lugha nyingi mjini hapa. Neno lenyewe ni la Kihindi, paisa, na Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alipotoa sarafu zake mwaka 1882 ile ya shaba iliitwa hivyo. Rupia ya India ilitumika kwetu, na baadaye ikawepo rupia ya Zanzibar, hadi shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake mwaka 1936. Bara wanapenda kusema hela, na hela ni Heller, sarafu ndogo ya Wajerumani walipotawala kule, ambayo jina lake linatokana na mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani. Lakini hakuna linalonishangaza kama daladala. Dala walikuwa wakiiita sarafu ya shilingi tano, kwa kuifananisha na dola ya Marekani, na nauli ikaipa gari jina. Dola yenyewe ni Thaler, sarafu ya fedha iliyopewa jina la Joachimsthal, bonde lenye machimbo ya fedha katika nchi ambayo leo ni Czech. Thaler ya malkia Maria Theresa wa Austria, yenye mwaka 1780 juu yake hata ikapigwa miaka mingi baadaye, ndiyo iliyokuwa pesa ya biashara kubwa Unguja katika karne ya 19. Pembe na karafuu zilihesabiwa kwayo. Yule utingo anayepiga bodi la gari akiita abiria wa Fuoni anataja, bila ya kujua, bonde la Ulaya la miaka 500 iliyopita.

Nimekwenda mbali, nirudi chini ya mnazi.

Mabaharia wa Kireno walipoliona dafu na nazi, waliangalia vile vitundu vitatu vya kwenye kifuu wakaona uso, uso wa kutisha watoto, na uso wa namna hiyo kwao ni coco. Jina hilo ndilo lililosambaa Ulaya nzima. Ona walikuwa wamesimama wapi. Nazi imeshaangushwa, imeshafuliwa, iko mkononi au kwenye kapu la sokoni. Asiyefua hakioni kile kiuso. Waarabu nao wana jina linalosema ni kokwa ya India, na wao walikuwa wanaipokea kutoka merikebuni.

Kwetu hakuna uso. Kwetu kuna kidaka, kidogo kinachoanguka na upepo. Kuna kitale, kisha dafu tunalokunywa, kisha koroma ambalo si dafu tena na bado halijawa nazi, kisha nazi, na ikikaukia ndani ya kifuu chake inakuwa mbata. Ukija kwenye mti una karara, una makuti, una makumbi, yale maganda ya nje ya nazi. Wanawake wa Jambiani na Makunduchi hufukia makumbi pwani, wakayafukua yameshalainika, wakayaponda wakapata usumba wa kusokota kamba. Jikoni una kifuu, una tui, una chicha. Nani anahitaji majina yote haya? Mtu ambaye akikosea kati ya koroma na nazi, chakula chake hakina tui. Majina yalitolewa na walioishi na mnazi mwaka mzima, wakaupanda na wakalala chini ya makuti yake.

Baharini ni vivyo hivyo. Kiingereza kina neno dhow, na wao hulitumia kwa kila chombo cha tanga kinachopita mbele ya hoteli. Ami yangu, aliyevua samaki Mkokotoni hadi mikono ikamkakamaa, hakuwa na neno moja la namna hiyo. Alikuwa na ngalawa yenye matengo yake, alikuwa na dau, mashua na jahazi, na ukichanganya alikurekebisha pale pale, kwa kuwa kila kimoja kina kina chake cha maji na mzigo wake. Aliyesema dhow kwa vyote alikuwa nchi kavu. Hata safari tumeitoa sisi, baada ya kuipata kwa Waarabu. Msafiri wa Kiingereza Richard Burton alianzia hapa Unguja mwaka 1857 kwenda kutafuta maziwa makuu, na ni katika maandishi ya wasafiri wa wakati wake neno hilo lilipoingia Kiingereza. Huko likabaki na upande mmoja tu, wa porini na bunduki, na siku hizi kamera. Kwa Mzungu huwezi kwenda safari ya Mkoani kumuona mgonjwa. Kwetu hiyo nayo ni safari.

Sasa karafuu, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mti huu kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 miche ilifika Unguja ikitokea visiwa vya Wafaransa vya huku Bahari ya Hindi. Sultani Sayyid Said akahimiza ipandwe, na waliopanda na kuchuma walikuwa zaidi watumwa. Sheria ya Zanzibar iliacha kuutambua utumwa mwaka 1897 tu, na katika kusimulia utamu wa maneno haya sitaki kulificha hilo. Mwaka 1872 kimbunga kikavunja mikarafuu ya Unguja kwa wingi. Pemba ilinusurika zaidi, na tangu hapo Pemba ndiyo karafuu. Waarabu walikuwa wakikiita kisiwa hicho al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, na atakayepanda mlima wa Mtambile baada ya mvua ataona walikuwa na haki.

Wafaransa walipoipata karafuu waliiita msumari: clou de girofle, na kutoka kwenye clou hilo Waingereza wakapata jina lao. Wareno husema cravo, msumari. Waspania husema clavo, msumari. Kwa Waajemi ni mikhak, kimsumari. Wachina wana dingxiang, na ding ni msumari, xiang ni harufu nzuri. Watu wasioelewana kwa neno, wenye maandishi mbalimbali, wote waliitizama punje ile wakaona kitu kimoja. Nilipoligundua hili nilikaa siku kadhaa nikiwaeleza watu wa nyumbani hadi wakanichoka.

Lakini hebu fikiria, ni karafuu gani inayofanana na msumari? Ni kavu. Ni ile nyeusi nyeusi, ngumu, yenye kichwa na mguu, iliyomo guniani baada ya jua na baada ya bahari. Karafuu mbichi haina umsumari wowote. Ni kijani inayoanza kuona wekundu, imejaa maji, iko kwenye shada na wenzake. Wote wale, kutoka China hadi Lisbon, walisimama mwisho wa njia, mahali pa mnunuzi.

Sisi neno karafuu tumelichukua kwa Waarabu, qaranful, hatukulitunga. Lakini tulilitia shambani. Likapata mti wake, mkarafuu, kwa kutiwa herufi moja mbele. Vikonyo vinavyoshika shada vikaitwa makonyo, na makonyo yakawa bidhaa peke yake, yanakamuliwa mafuta kwenye kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Kuchuma ni kazi moja, ya kupanda juu na kuvuta tawi kwa adabu lisivunjike. Kuchambua ni kazi nyingine, ya jioni, watu wamelizunguka jamvi, shada linasuguliwa kiganjani, karafuu huku na makonyo kule. Kuanika ni ya tatu, na hapo ndipo mvua inapokuwa adui, maana ikinyesha wote wanakimbia, mgeni na mwenyeji. Aliyechuma hulipwa kwa pishi. Na kambi, kwa Mpemba, mara nyingi ni ule uwanja wa kuanikia wenye kelele za watoto, na wala haina askari hata mmoja.

Bibi yangu wa Wete alikuwa na maneno mengine zaidi ya hayo: ya rangi ya karafuu siku ya pili juani, ya sauti inayotoka ukiivunja kwa kucha kujua imekauka au bado, ya mti uliozaa upande mmoja. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nikisikiliza harufu ya uji kuliko maneno yake, na mengi sina. Siyaoni kwenye kamusi yoyote niliyonayo. Wajukuu zake wa sasa wako Dar es Salaam na Muscat, wananunua karafuu kwenye vipakti, wamesimama pale pale aliposimama Mfaransa. Si kosa lao. Anayenunua kavu hana haja na jina la mbichi, na jina lisilohitajiwa halisemwi.

Kwa hivyo nimempigia simu binamu yangu aliyebaki na mikarafuu ya familia. Nimemuomba msimu ukifika aiweke simu katikati ya jamvi wakati wa kuchambua, arikodi wanavyozungumza, asimwambie mtu aseme nini. Atakaponiletea nitaandika neno kwa neno, na penye neno nisilolijua nitawauliza wale wakongwe wawili waliobaki mtaani kwao. Amekubali kwa sharti moja: niende mwenyewe, nikae jamvini, nichambue.